Saa za kazi zinazonyumbulika: maswali ya waajiri wadogo wa Nyanda za Juu Kusini

Barua za safari hii zimetoka Uyole hadi Mafinga, na karibu zote zina kilio kimoja: mfanyakazi anaomba abadilishiwe saa, mwenye biashara anataka kumsaidia, ila hajui pa kuanzia wala sheria inamruhusu kufika wapi. Hesabu zote humu tumezifanya kwa mshahara wa mfano wa Sh 390,000 kwa mwezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 (Sura 366) hugeuza mshahara wa mwezi kuwa wa saa kwa kuugawa kwa 4.333, kisha kwa saa za kazi za wiki. Kwa wiki ya saa 45 ni sawa na kugawa kwa 195, kwa hiyo Sh 390,000 ni Sh 2,000 kwa saa. Weka mshahara unaolipa wewe, ufuate njia hiyo hiyo.

Swali: Nina duka la vifaa vya ujenzi Uyole, wauzaji watano. Tunafungua saa 1:30 asubuhi, tunafunga saa 12:00 jioni, Jumatatu mpaka Jumamosi, na wote wanaingia na kutoka pamoja. Mmoja anaomba aingie baada ya saa 3 kwa sababu anapeleka watoto shule. Mwingine amejiunga na masomo ya jioni, anataka atoke saa 9 alasiri. Wale watatu wengine wananyamaza tu, wanasubiri waone nitajibu nini. Nianzie wapi?

Ndugu yetu wa Uyole, maombi hayo mawili yaweke pembeni kwanza, utazame ratiba uliyonayo sasa. Kutoka saa 1:30 asubuhi hadi saa 12:00 jioni ni saa kumi na nusu. Toa saa moja ya chakula, zinabaki saa tisa na nusu. Zidisha kwa siku sita: saa 57 kwa wiki. Sheria inataka saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Maana yake kila muuzaji wako anafanya saa 12 za ziada kila wiki, saa 48 kwa wiki nne, na ukomo wa saa za ziada ni 50 katika kipindi cha wiki nne. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, na hulipwa mara moja na nusu: Sh 3,000 kwa saa, yaani Sh 144,000 kwa mtu mmoja kwa wiki nne, Sh 720,000 kwa watu watano. Kama hulipi, deni hilo linakua kimya kimya, na siku mmoja akienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi litakuja lote kwa pamoja. Kwa hiyo kupanga saa upya kunakuokoa wewe kabla hata ya kumsaidia mama mwenye watoto wa shule.

Sasa uliza duka lenyewe linahitaji watu wangapi saa gani. Wengi huanza na mtu, na hapo ndipo wanapokosea: wanamruhusu huyu, wanamnyima yule, kisha wanagundua saa 11 jioni kaunta ina mtu mmoja na gari la saruji limefika. Chukua daftari la mauzo au risiti za mashine ya EFD (ile ya risiti za kodi) za wiki mbili, uhesabu risiti za kila saa. Tuchukulie limekuonyesha hivi, kama maduka mengi ya aina yako: asubuhi mafundi wanapokuja kuchukua vifaa kabla ya kwenda saiti, saa 1:30 hadi saa 4:30, unahitaji watu watatu, muda uliobaki wawili wanatosha, Jumanne na Ijumaa mzigo unaposhushwa unahitaji wawili zaidi kwa saa nne. Wawili muda wote ni saa 63 mara mbili, yaani 126. Wa tatu wa asubuhi anaongeza 18. Kushusha mzigo kunaongeza 16. Jumla ni 160. Wauzaji watano kwa saa 45 kila mmoja wanakupa 225. Una saa 65 za kuchezea kila wiki, ambazo leo zinapotea saa 7 mchana watu watano wakiwa wameegemea kaunta.

Shifti mbili zinamaliza kazi. Ya kwanza saa 1:30 asubuhi hadi saa 10:00 jioni. Ya pili saa 3:30 asubuhi hadi saa 12:00 jioni. Kila moja ni saa 7 na nusu ukitoa chakula, mara siku sita ni 45 kamili. Weka watatu shifti ya kwanza na wawili ya pili. Mzazi wa watoto wa shule anaingia ya pili bila kupoteza hata shilingi.

Mwanafunzi ana hesabu yake. Akitoka saa 9 alasiri kila siku, anafanya saa 6 na nusu, yaani 39 kwa wiki, na mshahara kwa uwiano huo unashuka kuwa Sh 338,000. Atakuambia aruke chakula ili afidie. Usikubali: anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60, na mtu anayekata mabati na kupima nondo akiwa na njaa ni hatari kwake na kwako. Muulize masomo ni siku ngapi. Yakiwa jioni tatu kwa wiki, siku hizo tatu atoke saa 9:00 (saa 6 na nusu kila siku) na siku nyingine tatu atoke saa 11:00 jioni (saa 8 na nusu). Tatu za kwanza zinatoa 19.5, tatu za pili 25.5. Jumla 45, mshahara haujaguswa.

Udhaifu wa mpango huu ni saa 10 hadi saa 12 jioni: kuna wawili tu, na mmoja akiumwa anabaki mtu peke yake na droo ya pesa. Andika mapema nani ni wa akiba wiki hii kati ya wale wa shifti ya kwanza, wapokezane kila wiki, na saa mbili atakazobaki zilipwe kama za ziada. Pesa nazo zihesabiwe saa 10 watu wa kwanza wanapoondoka, wasiotoka na wanaotoka wakisaini kwenye daftari moja. Duka likikosa Sh 40,000 jioni na makabidhiano hayakufanyika, ratiba mpya ndiyo itakayolaumiwa, na itakufa hapo hapo.

Kuhusu wale watatu walionyamaza: waite wote siku moja, uwaonyeshe hesabu ya saa 160 na 225, kisha uwaulize kila mmoja angependa nini. Usifanye mpango wa siri na wawili. Mmoja atataka Ijumaa awahi kutoka, mwingine hatataka kitu. Zile saa 65 ni za wote.

Halafu andika. Sheria inakutaka uwe umempa kila mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, zikiwemo saa za kazi na mahali pa kazi, na yakibadilika ushauriane naye, uyarekebishe na umjulishe kwa maandishi. Karatasi moja inatosha, mfano: "Kuanzia Jumatatu tarehe __, saa zako za kazi zitakuwa saa 3:30 asubuhi hadi saa 12:00 jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, mapumziko ya saa moja kati ya saa 7 na saa 9 mchana kwa zamu. Jumla saa 45 kwa wiki. Mshahara haubadiliki. Mpango huu ni wa majaribio kwa wiki nane; wiki ya sita tutakaa kuutathmini. Upande wowote ukitaka kuusitisha baada ya hapo utatoa taarifa ya siku 28 kwa maandishi." Saini mbili, nakala mbili. Wiki nane tunazishauri kwa sababu wiki nne hazitoshi kukutana na mwisho wa mwezi mara mbili, na mwisho wa mwezi ndio unaoonyesha kama kaunta inaelemewa.

Swali: Ninaoka mikate Mlandege, Iringa, na wafanyakazi wanne. Wanaanza saa 9 usiku ili mikate ifike madukani saa 12 asubuhi. Wanaomba wafanye siku nne ndefu, wapumzike tatu. Inaruhusiwa?

Inaruhusiwa kwa makubaliano ya maandishi, dada. Sheria inaita wiki ya kazi iliyobanwa: hadi saa 12 kwa siku bila malipo ya ziada, siku zisizozidi tano, saa za kawaida zisizozidi 45. Wengi hawaoni kwamba zile saa 12 zinajumuisha muda wa chakula. Ukitoa saa moja ya kula zinabaki 11, mara nne ni 44, si 45. Anayeandika "saa 11 na robo kwa siku nne" amevuka mstari bila kujua. Pia kati ya siku moja ya kazi na inayofuata lazima kuwe na saa 12 mfululizo za kupumzika. Anayeanza saa 9 usiku akamaliza saa 9 alasiri amebakiwa na 12 kamili. Akichelewa nusu saa kusafisha matrei, kesho yake aanze saa 9 na nusu.

Hata hivyo kwa waokaji hatuushauri. Saa ya kumi na ya kumi na moja mbele ya tanuri ndizo za kuungua mikono na kusahau mikate ndani, na mtu huyo ameamka saa 8 usiku. Chukua siku tano za saa 9: saa 9 usiku hadi saa 7 mchana, na saa moja ya kupumzika katikati. Wanne wakipumzika siku tofauti, Jumatatu hadi Alhamisi unakuwa na watu watatu kila siku, na Ijumaa na Jumamosi wote wanne, siku ambazo mikate ya wikiendi inatakiwa. Kila mmoja anapata Jumapili na siku nyingine moja.

Usisahau nyongeza ya usiku. Saa yoyote kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina ongezeko la asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kwa Sh 2,000 ni Sh 100 kwa saa, saa tatu Sh 300 kwa usiku, takriban Sh 6,500 kwa mwezi kwa ratiba ya siku tano. Ni pesa ndogo, lakini waajiri wengi hawailipi kabisa. Mjamzito asipangiwe usiku katika miezi miwili ya mwisho kabla ya kujifungua, wala mama aliyejifungua ndani ya miezi miwili ya kwanza.

Jambo lingine ni baridi. Ratiba ukiipanga Januari itafanya kazi vizuri, ikifika Juni na Julai unga wa Iringa unachelewa kuumuka, mkate wa kwanza unatoka tanurini kwa kuchelewa, na watu wanabaki hadi saa 8 mchana. Hizo ni saa za ziada na zinahesabika. Miezi hiyo kanda kwa maji ya uvuguvugu, uweke donge chumba chenye joto la tanuri, au mtu mmoja akande jioni na kuacha uumuke polepole usiku kucha kwa hamira pungufu. Ukichagua la mwisho, mtu wa jioni asiwe yule yule wa alfajiri.

Swali: Tuna ofisi ya usafirishaji wa mizigo Mwanjelwa. Karani wetu wa hesabu anaishi Mbalizi, na foleni ya malori humchelewesha mara kwa mara. Anaomba afanye kazi nyumbani siku tatu kwa wiki. Ninaogopa mambo mawili: sitajua kama anafanya kazi, na nyaraka zetu zitatapakaa.

Hofu ya pili ndiyo nzito zaidi, tutaifikia. Ya kwanza inaisha ukibadilisha unachopima. Karani wa hesabu ana matokeo yanayoonekana kila siku: mauzo na matumizi ya jana yameingizwa kwenye programu kabla ya saa 4 asubuhi, ankara zote zilizotumwa kabla ya saa 8 mchana zimeandikwa siku hiyo hiyo, salio la benki na la simu limelinganishwa kila Ijumaa. Andika vitu vitatu au vinne vya aina hiyo, vyenye saa. Kumpigia simu kila nusu saa kuuliza "uko wapi?" kunamharibia kazi na hakukuambii chochote, karani anayetaka kukudanganya anaweza kupokea simu akiwa shambani Songwe.

Siku za nyumbani zisipangwe kwa Jumatatu na Ijumaa tu, zifuate kalenda ya kodi. PAYE (kodi ya mishahara) inatakiwa isipite tarehe 7 ya mwezi unaofuata, ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) isipite tarehe 20. Tarehe 1 hadi 7 na tarehe 17 hadi 20 awe ofisini kila siku, maana hapo ndipo risiti zinapotafutwa kwenye mafaili na madereva wanapoulizwa kuhusu mafuta. Siku zilizobaki, tatu kwa wiki nyumbani. Ukifanya kinyume, utajikuta tarehe 6 mchana unampigia karani aliye Mbalizi akutafutie faili lililoko kabatini nyuma yako.

Vifaa: kompyuta mpakato ya ofisi, si yake. Iandikiwe namba ya utambulisho, isainiwe. Laini ya simu ya ofisi kwa ajili ya intaneti, bando lilipwe na ofisi moja kwa moja. Ukimwambia "tutarudisha" utabishana naye kila mwisho wa mwezi. Kuingiza hesabu kunatumia data kidogo, kinachomaliza bando ni mikutano ya video, kwa hiyo pigeni simu ya kawaida. Umeme ukikatika betri nzuri ina saa tatu au nne. Kubalianeni kwamba ukizidi kukatika kwa saa mbili anakujulisha na mnaamua: aje ofisini, au afanye kazi za karatasi. Msimu wa mvua achomoe chaja radi zinapoanza. Hilo liandikeni, kwa sababu kompyuta ikiungua swali la kwanza litakuwa nani alipe. Na hapo sheria haikupi uhuru wa kukata tu mshahara: kwa hasara ya kifaa lazima awe amepewa nafasi ya kujieleza kwanini asikatwe, iwe imetokea kazini kwa kosa lake, kiasi kisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa pesa taslimu.

Sasa nyaraka. Mashine ya EFD haiendi nyumbani. Inabaki ofisini na ripoti ya Z, yaani ya jumla ya mauzo ya siku, inatolewa kila siku na aliyepo. Simu yenye namba ya malipo ya ofisi haiendi nyumbani. Risiti na ankara asilia haziendi nyumbani. Zipigwe picha kwa simu ya ofisi au skana, zitumwe. Mafaili yako ya madereva na wateja yana namba za vitambulisho na simu za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakubebesha wewe wajibu wa kuzilinda, hata zikiwa kwenye meza ya jikoni Mbalizi. Kompyuta iwe na nywila, isitumiwe na watoto kucheza, na kila Ijumaa nakala ya hesabu iwekwe kwenye diski inayokaa ofisini. Diski hiyo ifunguliwe mara moja kwa mwezi kuona kama nakala inasomeka. Watu huhifadhi kwa mwaka mzima, siku ya msiba wanakuta diski tupu.

Mwisho, kwenye maelezo yake ya ajira badilisha mahali pa kazi yawe mawili, ofisini na nyumbani kwake, na saa zake za kazi za nyumbani. Mchango wako wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) unalenga ajali zitokanazo na kazi. Mtu akiumia saa 5 asubuhi nyumbani na karatasi yake inasema kazi ni Mwanjelwa tu, kuthibitisha kwamba alikuwa kazini kutakuwa vita.

Swali: Nina duka la dawa muhimu Makambako. Mtoa dawa wangu amemaliza likizo ya uzazi ya siku 84, anataka afanye nusu siku kwa miezi sita. Nimkubalie?

Mama, kabla ya nusu siku kuna haki ambayo haiombwi: anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi kwa ajili ya mtoto, bila kukatwa. Huenda hicho ndicho anachohitaji. Muulize kama angeridhika kuingia saa moja baadaye na kutoka saa moja mapema kwa mshahara kamili.

Akibaki na ombi lake, gawa nafasi kati ya watu wawili. Wote wawili lazima wawe wamesomea utoaji dawa. Ndugu wa kushikia kaunta hafai hata kwa saa moja. Shifti za saa 4, siku tano, na saa 2 na nusu Jumamosi ni saa 22.5, mshahara Sh 195,000 kwa kila mmoja. Uzuri wa saa 4 ni kwamba hazifiki tano, kwa hiyo mapumziko ya dakika 60 hayalazimiki na duka halifungwi mchana. Weka dakika 30 ambazo wote wawili wapo. Hapo wanahesabu pamoja dawa zinazoisha haraka na antibayotiki, wanasoma daftari la wagonjwa waliorudi, wanakabidhiana pesa. Dakika 30 hizo zihesabiwe ndani ya saa zao, zisiwe msaada.

Likizo ya mwaka ya nusu-kazi ni siku 28 mfululizo za kalenda, sawa na ya mwingine yeyote. Kinachopungua ni malipo yake kwa sababu mshahara wenyewe ni nusu. Waajiri humpa siku 14 wakidhani wametenda haki. NSSF nayo ni asilimia 20 ya kile unacholipa, na kila mmoja asajiliwe kwa jina lake.

Swali: Kijana wangu wa karakana hapa Tukuyu ni Msabato. Anaomba Jumamosi asije, afidie Jumapili. Je, Jumapili nimlipe mara mbili?

Malipo ya mara mbili ni ya siku ya mapumziko ya mfanyakazi huyo. Mkikubaliana kwa maandishi kwamba mapumziko yake ya wiki ni kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumamosi jioni, angalau saa 24 mfululizo, Jumapili inakuwa siku yake ya kawaida na inalipwa kawaida. Ijumaa atoke kabla jua halijazama, saa 11 jioni ni salama mwaka mzima. Angalia mambo mawili tu: Jumapili asiwe peke yake na mashine ya kuchomelea, na siku hiyo awe na kazi ya kweli. Ukimweka afagie karakana tupu, utachoka naye ndani ya mwezi. Dini ni kati ya mambo ambayo sheria inakataza kumbagua mtu kwayo, kwa hiyo ukikataa uwe na sababu ya kikazi unayoweza kuiandika.

Swali: Mashine ya kukoboa mpunga, Igurusi. Msimu tunafanya kazi hadi saa 4 usiku, msimu ukiisha mashine inaweza kulala wiki nzima. Nataka watu wangu wanne wafanye saa 60 wakati wa msimu na 30 baadaye, mshahara ule ule. Wao wamekubali.

Kukubali kwao hakutoshi, kaka. Kulinganisha saa kwa wastani wa miezi kunaruhusiwa kwa makubaliano ya pamoja na chama cha wafanyakazi, na biashara ya watu wanne kwa kawaida haina. Bila hayo, saa zinazozidi 45 ni za ziada wiki ile ile, ukomo ni 50 kwa wiki nne, na siku moja haizidi saa 12.

Gawa siku: wawili saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana, wawili saa 8 mchana hadi saa 4 usiku. Kila shifti ni saa 7 za kazi na moja ya kupumzika, 42 kwa wiki. Saa mbili za baada ya saa 2 usiku zina nyongeza ya Sh 100 kila moja. Mmoja anapokula, mashine isiachwe na mtu asiyejua kuisimamisha. Kama hakuna wa kumpokea, izimwe kwa saa hiyo. Wapagazi wa magunia wachukue mkataba wa kazi maalumu wenye tarehe ya kuisha, ulioandikwa. Na umeme ukikatika, muda ambao mtu amekaa pale mashineni kwa agizo lako akisubiri urudi ni saa za kazi. Usipomhitaji, mwachie aende nyumbani na umwambie saa ya kurudi.

Swali: Karakana ya samani Mafinga. Nilimruhusu fundi mmoja aingie saa 4 asubuhi. Sasa anaingia saa 5, siku nyingine saa 6. Naweza kuufuta mpango leo?

Uliandika? Kama hukuandika, ndugu, hana alichovunja kwenye karatasi, na ukimwadhibu leo utakuwa dhaifu mbele ya Tume. Andika kwanza: saa 4:00 asubuhi, mshahara kwa saa zilizofanyika, mahudhurio ya kusaini yeye mwenyewe kwa kalamu, si wewe wala msimamizi. Chukua wiki mbili za saini. Muulize kwa nini, kwa sababu mara nyingine kuna mgonjwa nyumbani au hiace ya asubuhi imeacha kupita kwao, na saa 5 iliyoandikwa ni bora kuliko saa 4 isiyofuatwa.

Kama ulikuwa na karatasi yenye kipengele cha siku 28, toa taarifa leo, na mpaka siku hizo ziishe ratiba mliyokubaliana ya saa 4 inabaki. Kuchelewa kwake baada ya saa 4 ni suala la nidhamu, halihusiani na mpango: onyo la mdomo lililoandikwa kwenye faili, onyo la maandishi, kisha kikao anachoruhusiwa kuja na mfanyakazi mwenzake. Saa alizokosa unaweza kutozilipa, ila hesabu kwa Sh 2,000 au kiwango chako kwa saa, usikate siku nzima kwa kuchelewa saa moja. Wenzake wasiadhibiwe kwa ajili yake. Mwenye mpango unaokwenda vizuri aendelee nao.